Kengele Baada ya Radi

Ukitaka kumkasirisha Mwalimu, zima kompyuta yenye matatizo kisha uiwashe tena mbele yake. Hakuwa mwanamke wa kupiga kelele. Alikuwa anafumba macho tu, kama mtu aliyekanyagwa kidole, halafu anasema, "Sasa umemfukuza shahidi. Haya, tumuulize nani?" Niliishi nyuma ya nyumba yake pale Kisugu kwa miaka mingi, mpangaji wa chumba na sebule, na sidhani kama ulipita mwezi bila kuisikia sentensi hiyo. Kazi yangu ilikuwa kupokea simu za wateja wa kampuni ya intaneti, na jambo la kwanza tulilofundishwa kuwaambia ni kuzima mashine, kusubiri kidogo, na kuwasha. Kwa hiyo machoni pake mimi nilikuwa mtu anayelipwa mshahara kufukuza mashahidi.

Alikuwa amefundisha mifumo ya kompyuta katika chuo kikuu cha upande wa Wandegeya mpaka alipostaafu, na jina la Mwalimu lilimfuata nyumbani. Muuza chapati alimwita Mwalimu, imamu alimwita Mwalimu, hata dada yake mkubwa alimwita hivyo, ingawa yeye alikuwa akilisema kwa kejeli. Familia yao ni ya wafanyabiashara Waislamu waliotoka pwani zamani sana. Ukimuuliza walifika lini na kwa njia gani alikuwa anakujibu, "Wa kuulizwa wako makaburini, mimi nimekuta tu nyumba ina bati." Mimi aliniita Mkenya, utadhani Kampala nzima Mkenya ni mmoja.

Kiswahili changu hakukipenda. Nimekulia Nakuru, na sisi wa Nakuru tunajua kusema lakini hatujui kubembeleza. Nikimwambia "nipe chumvi" alikuwa ananitazama mpaka naongeza "tafadhali Mwalimu, kama ipo karibu." Chumvi yenyewe iko mbele yetu, wote tunaiona. Nyumbani kwake kabla ya jambo lolote kulikuwa na salamu, na baada ya salamu hali, na baada ya hali watu wa nyumbani, mmoja mmoja. Nilijifunza kutoka kitandani mapema kidogo ili nisichelewe kazini kwa sababu ya kusalimiana.

Lakini Kiswahili hichohicho alikuwa nacho kama silaha. Siku moja tulikwenda Kalerwe kununua ndizi, na muuzaji akamchagulia mkungu ambao upande wa chini ulikuwa umeanza kuiva. Mwalimu aliongea Kiganda kitamu kabisa, akacheka naye, akaulizia watoto wake. Muuzaji hakubadilisha mkungu. Mwalimu akajinyoosha, akasema kwa Kiswahili kizito, "Wewe! Huo mkungu weka chini. Leta mwingine." Watu wawili waliokuwa karibu walisogea pembeni. Kampala watu wa makamo bado wakisikia Kiswahili cha amri wanakumbuka buti za wanajeshi na vizuizi vya barabarani. Mkungu mwingine ulikuja haraka. Tulipokuwa tunarudi aliniambia kwamba anajionea aibu kila anapofanya hivyo, halafu akaniomba nisimwambie dada yake.

Alikuwa na mambo mengi ya namna hiyo, yasiyokaa pamoja. Mtu aliyeweza kukaa wiki nzima akitafuta kwa nini programu imechelewa kufumba na kufumbua, geti lake mwenyewe halikuwahi kufungika vizuri. Tulikuwa tunalizuia kwa jiwe. Tangi la maji lilivuja tangu siku niliyohamia, na chini yake pakaota mboga ambazo hakuna aliyezipanda na sote tulizila. Friji ikigoma aliipiga ngumi ubavuni. Nilipomuuliza kama ngumi haimfukuzi shahidi, alisema friji haina cha kushuhudia, akaenda kuota jua.

Tangu astaafu alikuwa anafanya kazi ya kujitolea ambayo majirani hawakuielewa. Kuna mfumo wa kompyuta unaotumika bure duniani kote, msimbo wake uko wazi, na mtu yeyote anayeona kosa anaweza kutuma sahihisho. Wasimamizi wanalisoma, wakiridhika wanaliingiza, na siku moja linafika kwenye mashine za watu ambao hawatakujua kamwe. Mwalimu alikuwa anatuma masahihisho madogo madogo, hasa katika ile sehemu ambayo mfumo unazungumza na kadi ya mtandao. Barua pepe zake alikuwa anaziandika kwa adabu ya nyumbani kwao. Anamsalimu msimamizi, anamtakia afya yeye na watu wake, anamuuliza habari za baridi, ndipo anaeleza mstari mmoja wa msimbo. Wenzake wa huko walizoea. Mmoja alianza hata kumjibu kwamba mama yake hajambo.

Kuna mambo mawili ya Kampala ambayo Mwalimu, pamoja na kuzaliwa huko, aliyakataa kabisa. La kwanza ni kupiga magoti. Wanawake wa Kiganda wanapiga magoti kumsalimu mkubwa, na wengine wanampigia hata fundi wa mabomba akiwa na mvi. Mwalimu alipigiwa magoti na wanafunzi wake maisha yake yote, akawainua kwa mkono, lakini yeye hakumpigia mtu. "Magoti yangu ni ya mswala tu," alisema. Dada yake alidai ni kiburi. Nadhani dada yake hakukosea sana.

La pili ni radi. Radi za Kampala si mchezo. Ngurumo ya kwanza tu ikisikika mbali, kila nyumba na kila duka watu wanainuka na kuchomoa: televisheni, friji, pasi, waya wa antena, waya wa mtandao, kila kitu chenye mkia. Wanasubiri mawingu yapite, halafu wanachomeka tena. Hakuna anayefundishwa, ni kama kuanua nguo mvua ikija. Mwalimu peke yake alibaki ameketi. Alikuwa amenunua kifaa cha kuzuia umeme wa radi, amekifunga vizuri ukutani, na akaona hao wengine wanahangaika bure. Nikikimbia kuchomoa vyangu alikuwa ananiita kutoka barazani, "Mkenya, radi inakutafuta wewe?" Naikumbuka sauti hiyo kwa sababu ya yaliyofuata.

Chini ya barabara yetu kuna kliniki ndogo yenye wodi ya wazazi. Daktari mwenye kliniki alilalamika kwamba wajawazito wakihitaji msaada wanapaza sauti na wakati mwingine hawasikiki, maana chumba cha mkunga kiko ng'ambo ya ukumbi. Mwalimu akajitolea kuwatengenezea kengele. Alifunga kitufe kando ya kila kitanda, na kitufe kikibonyezwa kinatuma ujumbe mfupi kwenye mtandao wa kliniki. Kompyuta iliyo mezani kwa mkunga inaupokea, inalia, na kuonyesha namba ya kitanda. Ilikuwa kazi safi. Siku ya kuizindua daktari alinunua soda, na Mwalimu alibonyeza vitufe vyote mwenyewe, kimoja kimoja, akicheka kama msichana.

Mkunga wa pale alikuwa Muganda, mama kijana mwenye mikono mikubwa na sauti ndogo. Alimpenda Mwalimu. Kila akimwona alipiga magoti hapohapo kwenye saruji na kumwuliza ameamkaje.

Halafu jioni moja ya mvua mama mmoja alishikwa na uchungu wa ghafla. Alibonyeza kitufe. Alibonyeza tena na tena. Hakuna aliyekuja, na mtoto akatoka mama akiwa peke yake, ameshika chuma cha kitanda. Aliyewakuta ni mfagiaji aliyekuwa anapita. Mtoto alikuwa amepoa na amebadilika rangi, wakahangaika naye mpaka akalia. Wote wawili walipona, namshukuru Mungu mpaka leo. Lakini mtaa mzima kufikia kesho yake ulikuwa unasema mkunga alilala kazini.

Daktari alimwita Mwalimu aikague kengele. Mwalimu alikwenda asubuhi, baada ya chai, jua likiwaka. Nilimsindikiza kwa sababu ilikuwa siku yangu ya mapumziko. Alibonyeza vitufe vyote na vyote vililia. Akaiuliza kompyuta kama iko mtandaoni, ikajibu iko. Mkunga alikuwa amesimama mlangoni, anasokota aproni.

"Mwalimu, mimi sikurala," alisema. "Mukama anaona. Nilikuwa hapa hapa nakunja nguo ya mtoto. Kengere haikulia. Ikilia, mimi nakuja mbio."

Mwalimu hakumtazama hata. Alimwambia daktari, "Kengele ni nzima. Kama haikusikika, basi hakukuwa na wa kuisikia." Alilisema kwa utulivu, kwa ule Kiswahili chake kizuri, na ndiyo maana liliuma zaidi. Mkunga aliweka mkono mdomoni. Daktari akasema atampa mpaka mwisho wa mwezi atafute kwingine. Mkunga mwenye sifa ya kulala mzazi akijifungua, kwingine atapata wapi? Kila mtu mle ndani alilijua hilo. Njiani kurudi nilijaribu kusema kwamba yule mama haonekani mwongo. Mwalimu alinijibu kwamba mashine pia haionekani mwongo.

Wiki iliyofuata nilimsindikiza tena kliniki mchana kupima presha, na mvua ikatukamata huko. Ilianza na ngurumo moja ya mbali, upande wa ziwa. Mkunga, ambaye sasa alikuwa anapita mbele ya Mwalimu bila kuinua macho, aliinuka mezani, akachomoa waya wa umeme wa kompyuta, akachomoa na ule wa mtandao, akaziweka juu ya kiti. Kompyuta yenyewe haikuzimika kwa sababu ilikuwa na betri yake ya akiba. Akaenda kuchomoa friji ya chanjo, televisheni ya ukumbini, kila kitu. Mvua ikapiga, ikapita. Akarudi, akachomeka vyote, taa zikawaka kijani, na akaendelea na kazi.

Nilimwona Mwalimu ameacha mkono wake kwenye kile kitambaa cha kupimia presha. Hakuwa amewahi kumwona mtu akifanya vile kwa kompyuta ile. Kwake nyumbani, alikoijaribia kengele kwa miezi, waya haukuwahi kutoka ukutani. Alijivua kitambaa, akaingia wodini bila viatu, na soksi tu miguuni, akabonyeza kitufe cha kitanda cha kwanza.

Kimya.

Akabonyeza cha pili, na cha tatu. Kompyuta mezani ilikuwa inaonyesha iko mtandaoni, taa ya kijani inapepesa, na haisikii kitu. Mkunga akanyoosha mkono kwenye kitufe cha kuzima, kama alivyozoea kufanya kila asubuhi akipokea zamu, ili mashine ianze siku vizuri. Mwalimu akapiga ukelele. Ndiyo mara pekee niliyomsikia.

"Usiizime! Nakuomba, usiizime!"

Halafu akakaa chini kwenye kitanda kitupu, akafunika uso. "Subhanallah," alisema. "Nimemdhulumu mtoto wa watu."

Alikaa mbele ya ile kompyuta mpaka wakamletea chai mara kadhaa na ikapoa. Usiku huo na siku zilizofuata alisoma msimbo wa kadi ile, na alipopata aliniita barazani anieleze, maana alikuwa hawezi kukaa na jambo peke yake. Alinieleza kwa mfano wa askari wa geti, na mimi mpaka leo naielewa hivyo tu. Kadi ya mtandao ni askari. Barua yenye jina la nyumba anaipokea bila kuuliza. Lakini kuna barua zinazotumwa kwa kikundi, kama zile za kengele, na hizo anaruhusu tu zilizo kwenye orodha aliyopewa. Waya ukichomolewa, askari anaondoka. Ukirudishwa, anakuja askari mpya, na mfumo unampa ufunguo, unampa sare, unamwambia jina la nyumba. Orodha unasahau. Basi yuko getini, macho wazi, anawarudisha wageni walioalikwa. Ukiizima kompyuta na kuiwasha, kila kitu kinaanza mwanzo na orodha anapewa, kwa hiyo asubuhi kengele inalia vizuri sana.

"Na duniani kote hakuna aliyeliona?" niliuliza.

"Nani anachomoa waya mashine ikiwa macho, kila siku mvua ikinyesha? Sisi tu. Na sisi tukiona imegoma tunazima tunawasha." Akainua macho kwenye mawingu. "Na mimi ambaye sizimi, nilikuwa sichomoi. Nikawa nawacheka."

Dawa yake ilikuwa mstari mmoja: askari akirudi, apewe orodha. Mara ya kwanza aliuweka juu mno na haukusaidia, kwa sababu kadi ilikuwa bado haijaamka, ikawa inasomewa orodha ikiwa usingizini. Akaushusha chini kidogo. Akachomoa, akachomeka, akabonyeza, ikalia. Alifanya hivyo mchana mzima.

Kabla hajautuma popote, alivaa baibui lake jeusi la heshima akaniambia twende kliniki. Tulimkuta daktari ukumbini na wazazi wamekaa kwenye mabenchi wanasubiri, na mkunga anapima mtoto kwenye mizani. Mwalimu alitoa salamu, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuulizia habari za mtu yeyote. Alisema kwa Kiganda, kwa sauti ya darasani, kwamba mkunga huyu hakulala, kwamba kengele haikulia, kwamba kengele ni yake yeye na maneno yale yalikuwa yake yeye. Akashika ukingo wa benchi, akashusha goti moja, halafu la pili, kwenye ile saruji, mbele ya yule mama ambaye angeweza kuwa mjukuu wake.

"Nedda! Nedda, nyabo, bambi!" mkunga alilia, akimwita mama na kumkataza, akamkimbilia na mtoto mkononi, akapiga magoti naye, wakawa wote wawili chini na mtoto katikati. Wazazi kwenye benchi walianza kulia bila kujua vizuri wanalilia nini. Mimi nililia nikijua. Magoti ya Mwalimu yalikuwa mabovu tayari, na kumwinua tulimwinua mimi na daktari. Habari za mwisho wa mwezi hazikutajwa tena.

Sahihisho alilituma wiki hiyo kwa yule msimamizi wa nchi ya baridi, pamoja na salamu zake zote. Ikawa ubishi wa majuma. Msimamizi aliukubali mstari, lakini maelezo aliyaona marefu. Kwa nini mtu achomoe waya? Je, hawezi kuuacha? Mwalimu aliandika kwenye karatasi jibu moja kali sana ambalo nilimwomba asilitume, nikalala nalo chini ya mto wangu kama kisu nilichomnyang'anya mtu. Alilotuma badala yake lilieleza radi ya Kampala, watu wanavyoinuka, na mama aliyebonyeza bila kusikiwa. Msimamizi akajibu kwamba amesoma, na kwamba sentensi ya radi ibaki. Ipo mpaka sasa, mtu yeyote anaweza kuisoma, juu ya mstari mmoja wa msimbo: kwamba katika mji huu waya huchomolewa ngurumo inaposikika, na mashine ikirudi ni lazima isikie.

Baadaye nilihamishwa nikarudi Nakuru. Tulikuwa tunapigiana simu, salamu zikimaliza muda wa maongezi. Mwaka jana nilipita Kampala kikazi, nikaenda Kisugu, nikakuta geti limezuiwa kwa jiwe lilelile na dada yake akaniambia Mwalimu amelazwa kule chini kliniki, moyo unamsumbua.

Alikuwa kitanda cha dirishani katika wodi ileile ya wazazi, maana kliniki haina nyingine, mwembamba, na miguu yake imevimba. Alinisalimia salamu zote, akanishika mkono. Nilimpenda mama huyu, na nilikuwa sijawahi kumwambia, nikamwambia hapo. Alisema, "Haya, Mkenya, usinifanye nikahema," lakini mkono hakuuachia. Halafu akanionyesha kwa kidevu kupitia mlango uliokuwa wazi, kwenye meza ya mkunga. Kulikuwa na kompyuta mpya.

"Ile ya zamani niliitengeneza kwa mkono wangu," alisema. "Hii ina kadi ya aina ileile, lakini sijaigusa. Imekuja na mfumo kama unavyotolewa kwa kila mtu. Siku ya nne leo nasubiri radi."

Ilinguruma alasiri. Aliyeinuka mezani alikuwa mkunga yuleyule, amenenepa kidogo, sasa ndiye mkuu wa wodi. Alichomoa umeme, akachomoa waya wa mtandao, akaziweka juu ya kiti, akaenda kwenye friji na televisheni. Mwalimu alifuata kila kitu kwa macho, kitufe amekishika kifuani. Mvua ikapiga mabati mpaka hatukusikizana. Ilipopungua mkunga akachomeka vyote, akatoka kwenda kunawa.

"Bonyeza basi," nilisema.

"Subiri. Acha iamke kwanza."

Tukasubiri. Kisha akafumba macho na kubonyeza. Kutoka mezani kengele ililia, kali, namba ya kitanda chake ikiwaka kwenye kioo, na ng'ambo ya ukumbi tukasikia kandambili zinakimbia. Mkunga aliingia mikono inachuruzika maji, akapiga magoti kando ya kitanda kama kawaida yake.

"Mwalimu, kuna nini? Unaumwa?"

Mwalimu alitikisa kichwa. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka masikioni na hakuyafuta. "Sina kitu, mwanangu. Nilikuwa natazama tu kama utasikia."

Mkunga alimwangalia, akaangalia kitufe, akaelewa. Akamfuta uso kwa mkono wake ulioloa.

"Si nilikuambia, nyabo," alisema. "Ikilia, mimi nakuja mbio."